Sikio halina kope: Historia ya kusomewa yanayochoma

Mamangu alifundisha shule ya msingi kule Mwatate kwa zaidi ya miaka thelathini. Sasa amestaafu, na presha ya macho, maradhi ambayo madaktari huyaita glakoma, imemwachia mwanga kiasi cha kutambua mlango na dirisha tu. Kusoma hawezi tena. Likizo ya Desemba iliyopita aliniomba nimsomee riwaya, nami nikachomoa kwenye kabati Rosa Mistika yake Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyochapishwa 1971 na ambayo kwa muda ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Tukaketi barazani baada ya chajio, taa karibu yangu, yeye na kikombe chake cha chai.

Tulianza vizuri. Nilipofika pale ambapo Zakaria anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, ulimi ukawa mzito. Nikafunua kurasa mbili kwa pamoja na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

“Baba, umeruka,” akasema. (Mimi huniita Baba kwa kuwa nilipewa jina la babake.)

“Karatasi zimeshikamana, mama.”

“Hazijashikamana. Hicho kitabu nilikisoma kabla hujazaliwa.”

Niliona haya, na bado ninaona haya ninapoandika. Mimi ni mwalimu wa fasihi. Sehemu hiyo nimeipitia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nimeitungia maswali ya mitihani na kusahihisha insha mamia zilizoijadili. Macho yangu hupita pale bila kutetereka. Iweje basi kinywa kikatae kupita mahali ambapo macho yamezoea kupita? Swali hilo lilinipeleka maktabani, na nilichokuta huko ni kwamba aibu yangu ina historia ndefu, tena ina mzee wake maarufu.

Mzee huyo ni Thomas Bowdler, daktari Mwingereza ambaye hakumbukwi kwa udaktari wake. Alipokuwa mtoto, babake alikuwa na mazoea ya kuisomea familia tamthilia za Shakespeare jioni. Watoto walifurahia usomaji huo pasi na kujua kwamba baba, kila alipofika kwenye maneno machafu au tukio lisilofaa, alilirukia upande wa pili kwa ustadi mkubwa, hivi kwamba hakuna aliyehisi mruko. Bowdler alikuja kutambua hayo ukubwani. Badala ya kukasirika, akaona babake alikuwa amevumbua jambo la maana: si kila baba ana ulimi mwepisi namna ile, basi kwa nini akina baba wote wasipewe kitabu ambacho tayari kimerukwa?

Mwaka wa 1807 kikatokea The Family Shakespeare, mabuku manne yenye tamthilia 20. Hakikuwa na jina la mhariri. Kazi hiyo, tunajua leo, ilifanywa na dadake, Henrietta Maria Bowdler. Inaelezwa kuwa jina lake lilifichwa kwa sababu mwanamke ambaye hajaolewa hangeweza kukiri hadharani kwamba aliyaelewa maneno aliyoyafuta. Nami nacheka kila nikilifikiria hilo, kwa maana ni lazima mtu ausome uchafu wote kwa makini ndipo aufagie. Mwaka wa 1818 Thomas mwenyewe alitoa chapa kamili ya mabuku kumi, tamthilia 36, safari hii kwa jina lake. Ndani yake Ophelia wa Hamlet anazama majini kwa ajali, bila ishara yoyote ya kujitoa uhai. Na yule kahaba Doll Tearsheet wa sehemu ya pili ya Henry IV ametoweka kabisa.

Waingereza wamemcheka Bowdler kwa karne mbili, hata jina lake wakaligeuza kuwa kitenzi cha kukata maandishi kwa unafiki wa kimaadili. Lakini hebu tumsome kwa haki. Ukurasa wa jina wa kitabu chake unaeleza kwamba kilichoondolewa ni maneno ambayo hayawezi kusomwa kwa sauti mbele ya familia bila kuvunja adabu. Kwa sauti: hapo ndipo penye uzito. Hakudai kwamba maneno yale hayapaswi kuwepo duniani. Tena alipofika kwenye Othello alishindwa. Alikiri kwamba wivu na uchafu wa mawazo ya Iago umefumwa ndani ya tamthilia kiasi kwamba ukiutoa unabaki bila tamthilia. Ushauri wake? Othello iondolewe sebuleni, ipelekwe kwenye chumba cha faragha, mtu akaisome peke yake. Yaani maneno yale yale, mtu yule yule, lakini akiyapokea kwa jicho ni halali, akiyapokea kwa sikio mbele ya wenzake ni balaa.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya Waingereza na adabu zao za sebuleni. Sidhani. Mtu wa kwanza ninayemjua aliyeandika juu ya tofauti kati ya jicho na sikio alikuwa Mwafrika. Augustino alizaliwa mwaka wa 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Katika Maungamo yake, kitabu cha sita, ameweka visa viwili kwa kupishana kurasa chache tu. Cha kwanza ni maarufu sana miongoni mwa wanahistoria wa usomaji: anamkuta Askofu Ambrosi wa Milano akisoma kimya, macho yakitembea juu ya ukurasa huku ulimi umetulia. Jambo hilo lilimshangaza vya kutosha kulieleza kwa kirefu.

Kisa cha pili hutajwa mara chache katika muktadha huu, na kwangu ndicho chenye uzito zaidi. Alypius, mwandani wake Augustino, alikuwa Roma akisomea sheria. Aliyachukia mapigano ya watu kuuana uwanjani kwa ajili ya burudani. Siku moja wenzake wakamburura hadi huko kwa mzaha na ubishi. Akawaambia: mwili wangu mtauweka hapa, lakini macho hamtayafungua. Akaketi, akayafumba. Kisha mpiganaji mmoja akaanguka na umati mzima ukanguruma. Ngurumo ile ikamwingia masikioni, ikamfungua macho. Akatazama damu, na kuanzia hapo, anavyosema Augustino, akailewa. Augustino anasikitika kwamba rafiki yake hakuweza kuyaziba na masikio pia.

Wahenga wetu walisema macho hayana pazia. Kwa heshima zote, naona walimsingizia jicho. Jicho lina kope mbili, na msomaji wa kitabu ana zaidi ya kope: jicho lake hutangulia. Kabla hujafika kwenye aya ya kutisha, umeshaona pembeni mwa macho neno “kisu” au “damu” likikungoja mistari mitano mbele. Unaweza kuharakisha, unaweza kuruka, unaweza kukifunga kitabu ukaenda kuteka maji. Msikilizaji hana hayo. Neno humfikia likiwa peke yake, kwa mwendo wa kinywa cha mwingine, na linapomfikia limeshaingia. Juu ya hayo lina sauti ya binadamu ndani yake, yenye pumzi na kitetemeshi. Mwanafunzi wangu mmoja alinisimulia kwamba aliwahi kushuka matatu vituo viwili kabla ya kwao kwa sababu kitabu alichokuwa akisikiliza kupitia simu kilifika mahali pa mateso, mikono yake imeshika mizigo, na ile sauti ya upole ikaendelea tu kumsimulia sikioni. Alishuka ili aweke mizigo chini aizime.

Ikiwa yupo mtu aliyeyajua haya kwa undani na kuyatumia bila huruma, hata kwa nafsi yake, huyo ni Charles Dickens. Riwaya yake ya Oliver Twist ilitoka kwa mfululizo katika jarida la Bentley's Miscellany kati ya 1837 na 1839. Ndani yake jambazi Bill Sikes anamuua Nancy, mwanamke anayempenda, kwa kumponda. Kwa miaka thelathini hivi Waingereza waliisoma sura hiyo. Walihuzunika, bila shaka wapo waliolia, na wengi waliisomeana majumbani pia. Lakini msomaji wa nyumbani ni baba au shangazi, na shangazi akifika pabaya hupunguza sauti. Maisha yakaendelea.

Kuanzia 1858 Dickens alikuwa akilipwa kuwasomea watu vitabu vyake kumbini. Alikuwa mwigizaji hodari. Kila mhusika alipata sauti yake, na ukumbi mzima ulicheka na kulia kwa amri yake. Alipochoka na visa vya kuchekesha na vya Krismasi, akaamua kuandaa mauaji ya Nancy. Mwanawe mkubwa, Charley, husimuliwa kuwa alikuwa nyumbani Gad's Hill siku moja akasikia nje kelele za mwanamume akimpiga mwanamke na mwanamke akipiga mayowe. Akadhani ni mzururaji anayemtesa mkewe. Alipotoka mbio akamkuta babake peke yake kondeni, akifanya mazoezi. Mwana alimwambia kuwa hajawahi kusikia kitu bora kama hicho, na akamsihi asikifanye.

Tarehe 14 Novemba 1868 Dickens aliwaalika watu kama mia moja hivi katika ukumbi wa St James's Hall, London, awajaribie. Rafiki zake waligawanyika. Daktari mmoja wa wanawake alimtahadharisha kwamba iwapo mwanamke mmoja tu atapiga ukelele wakati Nancy anauawa, ukumbi mzima utalipuka. Mwigizaji mmoja maarufu wa kike yeye alimwambia kwamba hadhira imekuwa ikisubiri msisimko wa namna hii kwa miaka hamsini, na sasa imeupata. Bila shaka unajua, msomaji mpenzi, Dickens alimsikiliza nani kati ya hao wawili.

Usomaji wa kwanza wa hadhara ulifanyika Januari 1869. Mwezi huo huo, akiwa Clifton karibu na Bristol, aliandika barua akieleza kwamba kuzimia kuligeuka tauni: wanawake kati ya 12 na 20 walibebwa nje wakiwa wamekakamaa. Ukumbi, anasema, haukuwa na joto. Kumbuka kwamba karibu wote waliokuwa wameketi pale walikijua kisa. Hakuna aliyekuja akidhani Nancy atapona. Walikijua kwa jicho kwa miaka thelathini, kisha wakakipata kwa sikio kwa dakika chache.

Naye msomaji mwenyewe? Meneja wake, George Dolby, alianza kuogopa. Usiku mmoja wakila pamoja, Dolby alipomwomba apunguze idadi ya siku za mauaji katika ratiba, Dickens aliruka kitini, akabwaga kisu na uma juu ya sahani ikavunjika, akamfokea. Baadaye alilia na kumkumbatia. Aprili 1869 alianguka kiafya akiwa safarini kaskazini mwa Uingereza, na madaktari wakaikatiza ziara. Aliporejea jukwaani London mapema 1870 kwa usomaji wa kuaga, daktari wake Frank Beard alikuwa nyuma ya jukwaa akimpima mapigo ya moyo. Kwa kawaida yalikuwa 72 kwa dakika. Baada ya Nancy yalipita 110. Alilazwa kwenye kochi kwa dakika kadhaa asiweze kutamka sentensi moja kamili. Nancy aliuawa kwa mara ya mwisho Machi mwaka huo. Dickens alifariki tarehe 9 Juni 1870, akiwa na umri wa miaka 58. Sisemi kwamba ni Nancy aliyemuua, mtu huyu alikuwa mgonjwa tayari. Ila wengi wa marafiki zake waliamini hivyo mpaka mwisho wa maisha yao.

Hapo ndipo nilipoanza kujionea huruma kidogo kwa zile kurasa mbili. Mwenye kusoma kwa sauti hulazimika kuwa Sikes kwa muda, mkono wake ukipanda na kushuka. Barazani kwetu, kwa dakika tatu, ningekuwa Zakaria mbele ya mamangu.

Lakini kujihurumia huko hakukudumu, kwa sababu historia ya vitabu vya kusikiliza ina sura nyingine ambayo Bowdler hakuifikiria. Vitabu hivi havikuanza kama starehe ya watu walio garini. Vilianza kwa vipofu. Marekani ilianza kutoa rekodi za vitabu kwa wasioona mwaka wa 1934, kila upande wa sahani ukichukua takriban dakika 15. Uingereza ilifuata 1935, na miongoni mwa wasikilizaji wake walikuwamo wanajeshi waliopofuka katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kitabu kimojawapo cha mwanzo kabisa huko kilikuwa The Murder of Roger Ackroyd cha Agatha Christie. Yaani walipopewa fursa, mauaji yalikuwa mlangoni.

Kwa mtu anayeona, swali la kusikiliza au kusoma ni la hiari: Othello inaweza kupelekwa chumba cha faragha. Kwa asiyeona chumba hicho hakipo, labda awe anajua breli. Akisomewa kilichorukwa, basi kwake kilichorukwa hakipo duniani. Na wapo waliopenda iwe hivyo. Mwaka wa 1985 Bunge la Marekani lilikata dola 103,000 kutoka bajeti ya maktaba ya taifa, kiasi kile kile kilichotumika kuchapisha jarida la Playboy kwa breli. Halikuwa na picha hata moja. Ni makala na hadithi tu. Vyama vya wasioona vilikwenda mahakamani, na mwaka wa 1986 jaji akaamua kwamba hatua hiyo ilivunja uhuru wao wa kupata maandishi. Binafsi jarida hilo silitetei. Ninachotetea ni yule kipofu aliyekuwa mtu mzima, mlipa kodi, akaambiwa na watu wanaoona kwamba yeye asisome wanachokisoma wao.

Suluhisho ambalo maktaba hiyo imelitumia ni la kawaida sana, na kwa hiyo halizungumziwi. Kwenye orodha ya vitabu vyake vya sauti, baada ya muhtasari, huongezwa maneno machache: kina lugha kali, kina ukatili, kina maelezo ya ngono. Kitabu hakiguswi. Msikilizaji anapewa lile neno ambalo jicho lingeliona mistari mitano mbele.

Sisi Waswahili tuna njia yetu ya zamani, ingawa sijaona ikijadiliwa kwa jicho hili. Chuo cha Herekali, au Utendi wa Tambuka, kilichotungwa na Mwengo wa Athumani kwa ajili ya mfalme wa Pate mwaka wa 1728, ni kazi ya vita, na vita vyake si vya lelemama. Wanaume hukatwa vipande. Tendi zilikusudiwa masikio. Hata hivyo zinakuja katika mizani nane kwa kila kipande, vina vitatu vikifanana na cha nne kikirejea ubeti hadi ubeti, katika mahadhi anayoyajua kila aliyeketi. Nadhani mahadhi hayo ndiyo kope ya sikio. Upanga unaposhuka, unashuka mahali ambapo kina kilikuwa kinakungoja, na jirani yako ameketi kando. Nathari ya riwaya, ikisomwa na sauti moja kwenye masikio ya mtu mmoja, haina kinga hiyo.

Narudi barazani. Mama alinyamaza kidogo, kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia.

“Nilipokisoma mara ya kwanza nilikuwa mwalimu mpya,” alisema. “Nilikuwa na wasichana darasani wenye makovu kama ya huyo Rosa, na sikuwahi kuwauliza. Sasa wewe unanifichia?”

“Nisamehe, mama. Niliona uchungu.”

“Uchungu ni wangu pia. Rudi nyuma.”

Nikarudi nyuma. Nilianza kusoma kwa sauti ile ya taarifa ya habari, bapa kabisa, nikidhani hiyo ndiyo heshima. Katikati akainua kiganja. Nikanyamaza. Kwenye mti uliokuwa nje ndege wa usiku alilia mara mbili tatu. Chai yake ilikuwa imepoa na hakuigusa. Kisha akasema, “Haya,” nami nikaendelea. Aliinua mkono mara mbili zaidi kabla ya sura kuisha. Hakunieleza alikuwa akifikiria nini, wala sikuuliza.

Likizo ilipokaribia kwisha nilimrekodia sura zilizobaki, zote, kwa simu, nikazitia kwenye memori kadi. Nilikusudia kumwachia simu nyingine nzuri ya kusikilizia. Alikataa. Kioo cha simu ni laini kote, kidole chake hakijui pa kusimamisha. Mara moja alihangaika nacho huku sauti yangu ikiendelea kusoma mpaka jirani akaja kumzimia. Akanituma sokoni Voi nikamnunulie moja ya zile redio ndogo za kutia kadi, zenye vibonye vya kupapasa. Nilipomletea alivipapasa vyote kimoja kimoja, akaniuliza kipi ni cha kusimamisha, kisha akakibandika kipande cha plasta ya kidonda juu yake ili kidole kisikikose.